Nani Atayasoma?

Mwaka juzi, msimu wa korosho ulipokuwa unaishia, tulimwendea mzee mmoja hapa Ufukoni ambaye amekuwa katekista tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Tulikuwa watu wanne, wote wa kikundi kidogo cha uandishi cha kanisa letu, na tulikwenda na ombi moja. Tulijua kwamba tangu ujana wake amekuwa akiandika habari za eneo hili kwenye madaftari ya shule: nani alibatizwa siku gani, mvua ya mwaka gani iliangusha kanisa la makuti, nani alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni, nani alizikwa kwa mkeka kwa sababu mbao hazikupatikana. Tulitaka tuyatumie katika kitabu.

Babu aliitikia shikamoo zetu, akamwagiza mjukuu alete chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema madaftari mawili ameshampa mama muuza karanga wa stendi afungie karanga zake. "Angalau mla karanga atasoma mstari mmoja kabla hajatupa karatasi," akasema, akacheka. Sisi hatukucheka.

Hatukucheka kwa sababu tulijua ametuona. Miaka michache kabla ya hapo tulitoa kijitabu cha historia ya kanisa letu, na sura ya pili ilikuwa ya Babu. Muswada ulikaa kwa mchapishaji mmoja karibu miaka mitatu. Uliporudi, ukurasa wa tatu ulikuwa umekunjwa pembeni, na kurasa zilizofuata zilikuwa safi kama zilivyotoka kwetu, nasi tukaelewa msomaji wao aliishia wapi. Tukachanga fedha, tukachapisha wenyewe nakala 300. Siku ya Pasaka na wiki zilizofuata ziliuzwa 61. Zilizobaki ziko sakristia kwenye maboksi, na wasomaji wao wa kwanza walikuwa mchwa. Lakini hilo siyo lililomuumiza Babu. Sisi, katika kuhariri, tulikuwa tumeisafisha sura yake. Tuliondoa maneno yake ya Kimakonde na Kiyao, tukaondoa habari ya ugomvi wa ukuta wa makaburi, tukatia mahubiri mahali alipokuwa ameandika hesabu ya magunia ya mhogo. Jina lake tukaliweka ukurasa wa mwisho katika orodha ya waliosaidia, kati ya fundi wa kompyuta na kwaya. Hakusema neno. Aliacha tu kuandika.

Basi tulirudi nyumbani tukiwa na swali ambalo kila anayeshika kalamu hujiuliza, awe wa daftari la shule au wa vitabu vinavyouzwa Ulaya: mtu huandika kwa ajili ya nini, na akishavunjika moyo kinachomrudisha mezani ni nini? Hatukuwa na jibu. Tukaamua kusoma. Na kwa kuwa tuko Mtwara, tulianza na kitabu ambacho baadhi ya kurasa zake za mwanzo ziliandikwa umbali wa safari fupi ya daladala kutoka hapa.

Shajara za mwisho za David Livingstone zilichapishwa London mwishoni mwa mwaka 1874, juzuu mbili, zikihaririwa na rafiki yake Horace Waller. Watu wa Mikindani wanalijua jina la Livingstone kwa sababu ya ile nyumba yenye kibao. Kitabu chenyewe hakisomwi. Wanaomsifu mtu huyu humsifu bila kukisoma, na wanaomlaumu kwamba aliwafungulia wakoloni mlango humlaumu bila kukisoma vilevile. Sisi tulikisoma kwa Kiingereza, mmoja wetu akisoma kwa sauti na kutufasiria, kila Jumamosi jioni tangu Kwaresima mpaka baada ya Pentekoste. Hatukumtafuta shujaa wala mkosaji. Tulimtafuta mwandishi.

Na alikuwa mwandishi kwelikweli, jambo ambalo husahaulika. Kitabu chake cha kwanza, cha safari za kimisionari, kilitoka mwaka 1857, na nakala 12,000 za toleo la kwanza zilikuwa zimeshaagizwa zote kabla hakijatoka. Mwishowe ziliuzwa kama 70,000. Alipata fedha na jina kwa kitabu kimoja kuliko waandishi wetu wengi walivyopata kwa maisha yao yote. Hata hivyo katika dibaji ya kitabu hichohicho anakiri kwamba angeona nafuu kulivuka bara la Afrika mara ya pili kuliko kuandika kitabu kingine, maana kutembea ni rahisi kuliko kuandika habari za kutembea. Tuliposoma hapo, mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu mstaafu alipiga meza kwa mkono. Alikuwa amekaa miezi minne na sura moja ya kile kijitabu chetu.

Sasa njoo Machi 1866. Livingstone anafika mdomo wa Ruvuma kwa meli, mto ambao alikwisha kuujaribu mwaka 1861 na tena 1862. Safari hii ana ngamia, na mikoko ya pale mdomoni haimruhusu ngamia kushuka. Anayejua upande wa Msimbati na Kilambo hahitaji kuelezwa. Basi meli inageuza kaskazini, inaingia ghuba ya Mikindani, na wanyama wanashushwa hapo. Akiwa anangoja kuanza safari, tarehe 26 Machi, anaandika ukurasa ambao kwa maoni yetu ndio wenye furaha kuliko zote katika juzuu zote mbili. Anaeleza jinsi mwili unavyochangamka kwa kutembea katika nchi usiyoijua, jinsi damu inavyokwenda vizuri, akili inavyofunguka, usingizi unavyokuwa mtamu jioni.  Ni mtu wa miaka 53 anayefurahi kwamba ana safari mbele yake na daftari jipya mkononi.

Tulilisoma fungu hilo mara mbili, kisha tukanyamaza, kwa sababu tulijua yanayofuata. Furaha ya kuanza kila mwandishi anaijua. Karatasi nyeupe haijakukataa bado.

Yanayofuata ni miaka saba ya kupungukiwa. Askari wa Kihindi aliokuja nao wanarudishwa kabla mwaka haujaisha. Watu wa Anjuani wanamkimbia, wanafika Unguja, wanaeneza habari kwamba ameuawa, na magazeti ya Ulaya yanaandika kifo chake wakati yeye yuko hai anaandika. (Mwandishi asemwaye amekufa huku kalamu iko mkononi: wako wengi, hata kama siyo wote waliotangazwa gazetini.) Januari 1867 sanduku la dawa linaibwa, na anaandika kwamba anajiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Barua anazotuma pwani nyingi hazifiki. Barua anazongojea hazifiki pia. Ufikapo mwaka 1871, yuko Nyangwe kando ya mto Lualaba, madaftari yameisha. Anachukua magazeti ya zamani, anayakata na kuyashona, anaandika kwa kukatiza juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa maji ya mmea.

Hapa lazima tutoe hukumu yetu kama wasomaji, maana tusipoihukumu kazi tutakuwa tunamsifu mtu tu. Sehemu kubwa ya kitabu hiki inachosha. Kuna kurasa kwa kurasa za vimo vya ardhi, mielekeo ya mito, mvua kwa inchi. Kuna manung'uniko yanayorudiwa. Na kiini cha hesabu hizo zote ni kosa: aliamini Lualaba ni chanzo cha mto Nile, kumbe maji yale yanakwenda Kongo. Jambo alilolitolea afya yake na miaka yake, na kulijazia karatasi kuliko jingine lolote, halikuwa kweli. Mwandishi anayesoma haya akiwa na muswada wake kabatini lazima atetemeke kidogo.

Lakini tarehe 15 Julai 1871 alikuwa kwenye soko la Nyangwe, mahali walipokuja wanawake wengi kuuza samaki, mihogo na kuku. Watu wenye bunduki wa misafara ya biashara iliyotoka pwani yetu hii walifyatua risasi katikati ya soko. Waliokufa, kwa kupigwa na kwa kuzama mtoni, walikuwa mamia. Hapo Livingstone haandiki mielekeo ya mito. Anaandika alichokiona, kwa sentensi fupi, kwa wino ule wa majani juu ya gazeti kuukuu. Kurasa hizo ndizo zinazokibeba kitabu. Habari hiyo ilifika Ulaya kwa mkono wa Stanley mwaka 1872, ikazidisha shinikizo la kukomesha biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Livingstone alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Alichoandika kwa kujitakia kilikuwa kosa. Alichoandika kwa kulazimishwa na macho yake kilifanya kazi, naye hakujua.

Tungependa kuishia hapo, kwa sababu hapo pana utamu wa mahubiri. Kuna jambo linaloharibu utamu. Yale maandishi ya kwenye magazeti yalififia kiasi cha kutosomeka, na kilichojulikana kwa zaidi ya miaka 100 ni nakala safi aliyoiandika baadaye. Mwaka 2011 wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga kurasa zile picha kwa mianga ya aina mbalimbali, wino ukaonekana tena. Ilibainika kwamba kati ya daftari la siku ile na nakala safi kuna tofauti, hasa katika habari za mwenendo wa watu aliokuwa nao mwenyewe, ambao alikuwa na wasiwasi nao. Katika kuiandika upya aliisafisha.

Tulitazamana. Kusafisha ni neno tulilokuwa tumelitumia sisi kwa sura ya Babu.

Tuseme kidogo juu ya Waller, kwa kuwa sisi ni ndugu zake. Shajara ya Livingstone inakoma tarehe 27 Aprili 1873, kwa mistari michache ya mtu aliyechoka anayetuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Hapo kitabu kingeisha. Lakini kinaendelea kwa kurasa nyingi: jinsi alivyokutwa amepiga magoti kando ya kitanda, jinsi moyo ulivyozikwa chini ya mti, jinsi mwili ulivyokaushwa na kubebwa kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Kurasa hizo zimetoka kwa Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa akiwa kijana mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, upande wa Zambezi. Waliletwa Uingereza baada ya maziko, wakakaa kwa Waller, wakamsimulia siku baada ya siku. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kitabu hiki, ambayo ndiyo iliyoliza watu makanisani, ni simulizi ya Waafrika wawili. Kwenye jalada hawamo kama waandishi. Waller anawashukuru vizuri katika utangulizi, na hatuna shaka alikuwa mwaminifu kwa kadiri yake. Sisi pia tulikuwa tumemshukuru Babu.

Chuma hakuharibikiwa na hilo, au hakuonyesha. Alirudi, akawa kiongozi wa misafara ya misheni ya UMCA, na mwaka 1876 aliuongoza msafara wa Askofu Steere ulioanzisha Masasi. Wakristo wa Masasi wanaosoma makala haya wanatembea juu ya njia yake. Alifariki Unguja mwaka 1882.

Mtu ambaye hatukumtazamia ndiye aliyetushika zaidi. Kati ya waliouchukua mwili alikuwepo kijana mmoja aitwaye Jacob Wainwright. Naye ni Myao kwa kuzaliwa, aliokolewa kwenye jahazi la watumwa, akasomeshwa shule ya misheni Nasik, India. Hakuwa Mikindani mwaka 1866. Alitumwa pamoja na wenzake mwaka 1872, baada ya Stanley kuonana na Livingstone. Alijua kuandika Kiingereza. Aliandika orodha ya mali ya marehemu. Alisoma ibada ya maziko ya moyo, akachonga maandishi kwenye mti: jina la Livingstone, tarehe, na chini yake majina matatu ya Waafrika wa msafara. Jina lake hakulichonga. Msafara ulipoishiwa, aliandika barua iliyotangulizwa kwa Wazungu waliokuwa Unyanyembe, akieleza kwamba bwana wao amefariki na wao wana njaa. Na siku zote hizo alikuwa na shajara yake mwenyewe.

Aliusindikiza mwili kwa meli mpaka Uingereza, akawa mmoja wa waliolishika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Alipigwa picha na masanduku ya marehemu. Kwa miezi michache kila mtu alitaka kumwona. Shajara yake? Ilitolewa mwaka huohuo katika jarida la Kijerumani, kwa tafsiri ya Kijerumani. Kiingereza alichokiandika kwa mkono wake kilikaa kimya. Maandishi yale yako kwenye makumbusho ya mahali alipozaliwa Livingstone, Blantyre, Uskoti, na yalitolewa hadharani kwa maneno yake mwenyewe mwaka 2019, yaani miaka 145 baada ya kuandikwa. Jacob alirudi Afrika, akafanya kazi za misheni hapa na pale, akafia Urambo mwaka 1892.

Shajara hiyo si kazi kubwa ya fasihi. Ni fupi, ina ukavu, na anaandika kama mtu aliyefundishwa kwamba neno lake lisizidi. Hata hivyo ukiisoma baada ya juzuu mbili za bwana wake unaona tofauti moja. Livingstone anaandika akijua London inangoja. Jacob anaandika bila kungojewa na yeyote. Mwenzetu wa nne, ambaye ni muuguzi na hana maneno mengi, alisema: "Huyu ndiye Babu." Kisha akaongeza, "Na kama angempa muuza karanga, nani angemlaumu?"

Hatukumjibu. Jumamosi iliyofuata mwalimu mstaafu alikuja na mfano wa kinyume. Ng'ambo ya mto huuhuu, Unangu, aliishi padre Yohanna Abdallah, aliyesoma Kiungani, Unguja, na ambaye aliandika kwa Kiyao historia ya watu wake. Iliitwa *Chiikala cha Wayao*. Ilichapishwa Zomba mwaka 1919, Kiyao pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Kitabu chake hakianzi na mtoni wala na mgeni aliyefika. Kinaanza na mlima uitwao Yao ambako Wayao husema ndiko walikotoka, na anasema wazi kwamba ameandika ili Wayao waijue asili yao. Huyu alimjua msomaji wake kwa lugha na kwa ukoo. Alifariki mwaka 1924, kwa hiyo alipata miaka kama mitano ya kukiona kitabu chake mikononi mwa watu. Mwalimu alisema hapo ndipo penye thawabu: mwandikie jirani yako, naye atakusoma. Ni kauli nzuri, na sisi wengine tungeikubali mara moja kama sakristia isingekuwa na maboksi. Sisi pia tuliwaandikia majirani zetu.

Ndipo padre aliyekuwa anatutembelea akatuelekeza kwa Baruku. Tunajua sote habari ya Yeremia sura ya 36: Baruku anaandika gombo zima kutoka kinywani mwa nabii, linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu wakati wa baridi, na kila zinaposomwa safu tatu nne mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo limekwisha. Kisha linaandikwa upya, na maneno mengi ya namna ileile yanaongezwa. Sura hiyo husomwa sana kwenye semina za waandishi wa Kikristo, na sisi wenyewe tumeisoma kwa kujipa moyo. Padre alitufungulia sura ya 45, ambayo ni fupi, aya tano tu, na kwa kawaida watu huipita. Pale tunajua Baruku mwenyewe alijisikiaje. Alilalamika. Alisema amechoka kwa kuugua kwake wala hapati raha. Na jibu alilopewa halimpi pole kama tunavyotaka. Anaambiwa asijitafutie mambo makuu. Anaahidiwa kitu kimoja, uhai wake, popote atakapokwenda.

Tulibishana juu ya aya hizo kwa Jumamosi mbili. Muuguzi aliona ni jibu kali mno kwa mtu aliyeunguziwa kazi yake. Mwalimu aliona ni jibu la haki, kwa sababu tamaa ya kutajwa ndiyo iliyofanya nakala zile 239 zituume vile, na kama tungekuwa tunatafuta wasomaji badala ya sifa tungeanza na mmoja. Wa tatu alisema jambo ambalo bado tunalitafakari: kwamba malalamiko ya Baruku yako ndani ya kitabu. Nani aliyeyaandika kama siyo Baruku mwenyewe? Angeweza kuyasafisha. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Aliyaacha, pamoja na karipio alilolipata.

Hatuamini kwamba kuandika ni wito unaomwepusha mtu na uchungu, na tunadhani vitabu vya kiroho vinavyosema hivyo vimeandikwa na watu ambao bado wako Mikindani ya tarehe 26 Machi. Hatuamini pia kwamba kukataliwa ni ishara ya utakatifu. Muswada wetu ulikuwa na makosa mengi, na yule aliyekunja ukurasa wa tatu huenda alikuwa na haki. Tunachoamini, baada ya kusoma vitabu hivi, ni kidogo zaidi. Siku Stanley alipofika Ujiji, Novemba 1871, alileta mfuko wa barua. Livingstone alikuwa amekaa miaka bila habari, na alichopewa siku ile hakikuwa sifa. Zilikuwa karatasi za watu waliomjibu. Jacob hakupata hata hizo. Kuna mtu angeweza kumwuliza, mwaka 1875 au 1880 au siku yoyote kabla ya 1892, kwamba pale ulipoandika hivi, ulimaanisha nini? Hatujui mtu aliyemwuliza.

Tulirudi kwa Babu tukiwa na kijitabu chetu. Tulimwomba radhi kwa sura ya pili, mmoja mmoja, kwa sababu mwalimu alisema msamaha wa kikundi si msamaha. Babu alisikiliza. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliuliza kama ule ugomvi wa ukuta wa makaburi tuliutoa kwa kuogopa familia fulani. Tukasema ndiyo. Akasema, "Mngeniambia." Kisha akaenda chumbani, akakaa huko muda mrefu hata tukadhani ametufukuza kwa adabu, akarudi na madaftari kumi na moja yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Nani atayasoma?" akauliza.

Tukasema sisi. Akatazama kamba, akatazama sisi, akasema tuchukue manne kwanza.

Tumeyasoma matatu na nusu. Hatuyahariri, tunayanakili kama yalivyo, na maneno ya Kimakonde yamo, na magunia ya mhogo yamo. Mama wa stendi tulimwendea pia. Madaftari mawili yalikuwa yamekwisha isipokuwa kurasa sita zilizokuwa chini ya sinia, nazo zina mafuta, lakini zinasomeka. Katika daftari la nne kuna ukurasa ambao maji yaliupata, unaohusu wanawake watatu waliovuka kutoka Msumbiji usiku na mmoja akajifungua kwenye mikoko. Majina mawili yanaonekana. La tatu limekuwa doa. Mwalimu anadhani herufi ya kwanza ni N, muuguzi anadhani ni M. Alhamisi tunakwenda kumwuliza.